Ngazi Tatu kwa Jiko Moja

Jirani yangu hapa Nyasaka, Mwanza, alikuja kuazima trei za shughuli. Akanikuta juu ya ngazi, kichwa kinakaribia dari, nampokeza dada wa kazi trei moja moja. "Mama," akasema, "na mimi nataka kama hii. Umetengeneza kwa shilingi ngapi?" Nikamtajia. Halafu nikashuka, nikamwambia akae kwanza tunywe chai, maana bei niliyomtajia ilikuwa ya ngazi ya tatu, na mimi sikuifikia ya tatu bila kulipia ya kwanza na ya pili.

Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: misiba, vipaimara, kicheni pati, harusi za watu wasiotaka ukumbi wenye wapishi wake. Mpishi wa shughuli ana vyombo vingi kuliko nyumba. Kwa hiyo tulipojenga, fundi wa makabati aliponiambia, "Mama, tupandishe mpaka darini, nafasi ya juu ni ya bure," nilimwona ana akili kuliko wenzake wote. Dari yetu ya jipsamu iko mita 3 kutoka sakafuni. Akanipigia makabati safu tatu: ya chini yenye kaunta, ya kati, na ya juu kabisa inayoanzia mita 2.25 mpaka darini. Mimi urefu wangu ni sentimita 158. Nikinyoosha mkono mpaka kwapa liume, nagusa mita 2 kwa shida, na hapo ni pasipokuwa na kaunta mbele ya tumbo. Hakuna aliyenipima mimi. Walipima ukuta.

Miaka miwili mitatu tulikuwa tunapanda stuli ya plastiki. Stuli isipotosha, tunaigeuza ndoo ya lita 20 juu chini na kuikanyaga. Najua unacheka, lakini nenda kaangalie jikoni kwako. Tena sisi watu wa Mwanza tuna kiburi cha kupanda. Nimekulia Igogo, kwenye nyumba zilizopachikwa juu ya mawe. Tulipanda na ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, hakuna ngazi wala mahali pa kushika. Mtu wa namna hiyo utamwambia nini kuhusu ndoo?

Novemba 2022, Ijumaa, kesho yake nina harusi ya watu 250. Nikapanda kuteremsha sufuria kubwa, ile ya kupikia mchele kilo 20. Sakafu ya marumaru ilikuwa imetoka kupigwa deki. Sufuria ilipotoka kwenye kabati uzito wake ukanijia kifuani, nikarudi nyuma nusu hatua, na nyuma hapakuwa na kitu. Niliangukia mkono wa kulia. Hospitali wakanifunga hogo, wiki sita. Ile harusi shoga yangu mmoja alinishikia, lakini kazi mbili zilizofuata nilirudisha malipo ya awali, jumla 400,000. Mkono umepona, ila masika yakianza kifundo kinaniambia kabla ya wingu.

Ndipo nikasema nataka ngazi, na nikaitaka upesi. Haraka ile ndiyo iliyonigharimu.

Nilienda kwa fundi wa kuchomelea wa mtaani, anayetengeneza mageti na madirisha. Nikamwambia, "Baba, nitengenezee ngazi ya jikoni, mita 2 na robo, yenye ndoano za kuning'inia kwenye kabati." Hakuuliza kitu, nami sikumwalika aje aone. Siku ya tatu akaleta ngazi ya bomba za mraba, imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, nzuri kweli. Shilingi 95,000. Tukaining'iniza.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ningependa kila mwenye jiko alijue kabla hajamwita fundi. Makabati ya juu yana kina cha sentimita 35 tu kutoka ukutani. Kaunta ina sentimita 60, na ukingo wake unatokeza kidogo zaidi. Yaani kaunta inamtangulia mwenzake wa juu kwa zaidi ya shibiri. Ngazi yangu ilishika juu, ikateremka, ikagonga ukingo wa kaunta, na chini ikasimama karibu wima. Unapokanyaga, vidole vya mguu vinagonga droo kabla unyayo haujaingia vizuri kwenye kipawa, yaani kile kipandio cha kukanyagia. Unabaki umesimama kwa ncha za vidole, makalio yako nje, mikono ndiyo inakushikilia usianguke chali. Huko si kupanda ngazi, ni kuning'inia kama popo. Tena ilikuwa nzito. Dada wa kazi hakuweza kuinyanyua peke yake, na kila tukiihamisha inaacha mkwaruzo kwenye milango. Baada ya mwezi mmoja ndoo ikarudi kazini. Ile ngazi ipo nyuma ya nyumba, tunaipandia kuosha simtanki. Huko inafaa sana.

Ya pili ilitokana na simu. Binti yangu alinionyesha picha za majiko ya watu, ngazi ya mbao inateleza kwenye reli ya chuma, unaisukuma kwa kidole inakufuata mpaka mwisho wa makabati. Nikapagawa. Nikamwita seremala, kijana mzuri, mwenye adabu, na huyu alikuja na futi kamba, akapima, akachora kwenye kipande cha boksi. Akaniambia maneno mawili ambayo leo ningeyalipia. La kwanza: "Mama, mbao za paini nilizonazo bado zina ubichi, tusubiri zikauke." La pili: "Haya makabati yako ni chipubodi. Reli tukiifunga kwa skrubu moja kwa moja haitashika, tununue kwanza ubao mgumu tuupitishe hapa kati kwa bolti, ndipo reli ije juu yake." Ubao wa mninga na bolti zake ulikuwa kama 60,000 zaidi.

Nilikataa yote mawili. Nilimwambia mimi si tajiri wa Capri Point. Nikamwambia pia kwamba nina shughuli wiki ijayo. Kijana alinyamaza, akafanya nilivyotaka. Siku hizi nikisikia watu wanalaumu mafundi nakaa kimya, maana kuna mafundi wanaoharibu na kuna wenye nyumba wanaowaharibia.

Aprili 2023 ngazi ikafungwa. Shilingi 180,000 pamoja na bomba la reli, magurudumu manne na vanishi. Wageni walikuwa wanaisukuma kulia na kushoto kama mwanasesere. Nilipenda mno. Tatizo la kwanza lilijitokeza siku ileile, nikajifanya sijaliona: gurudumu halijui kama unataka kuhama au unataka kupanda. Ukikanyaga kipawa cha kwanza kwa pembeni kidogo, ngazi inaondoka na wewe. Tukazoea kuizuia kwa kuweka tofali la kuchoma kwenye gurudumu. Ngazi yenye magurudumu na tofali jikoni kwa mama mpishi! Tuliliona ni jambo la kawaida.

Wiki ya tatu dada wa kazi alikuwa kwenye kipawa cha pili, anavuta hotipoti kubwa iliyokwama. Alivuta, ngazi ikamfuata. Skrubu nne za upande wa kushoto zilitoka kwenye chipubodi pamoja na unga wake, reli ikaning'inia, naye akaruka pembeni kama paka. Hakuumia. Alikaa chini kwenye marumaru akacheka, halafu akalia. Mimi nilikuwa sebuleni nahesabu vijiko. Ile hofu ya siku ile sijaipata hata nilipovunjika mimi mwenyewe, kwa sababu mkono wangu niliuvunja kwa ujinga wangu, lakini huyu ni mtoto wa watu, kaletwa kwangu na mama yake kutoka Misungwi.

Seremala alipokuja hakusema "nilikwambia". Alinieleza tu, na maelezo yake ndiyo nimeyashika. Ngazi iliyolala vizuri inapeleka uzito wako mwingi sakafuni, na juu inaegemea tu. Ngazi iliyosimama wima mno inakutaka ujivute kwa mikono, na wewe ukijivuta, au ukivuta sufuria kwako, unaing'oa ngazi kutoka kwenye makabati. Skrubu kwenye chipubodi inaweza kubeba kitu kinachoning'inia kwenda chini. Kuvutwa kuja nje haiwezi, kile ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Ngazi yetu ya pili nayo ilikuwa wima kupita kiasi, kwa sababu nilitaka isichukue nafasi ya kupita.

Ubichi wa mbao nao ukaja kudai chake. Paini si mbao mbaya; msitu wa Buhindi kule Sengerema umeezekea nyumba nyingi za mkoa huu. Lakini mbao iliyofungwa mbichi wakati wa masika, kiangazi kikifika inasinyaa. Ngazi ile tuliilaza stoo, na Julai nilipoinyanyua, vipawa vilikuwa vinazunguka kwenye matundu yake kama mchi kwenye kinu. Kama reli isingeng'oka Mei, kipawa kingemzungukia mtu Julai.

Kwa ngazi ya tatu tulianza kwa kupima bila fundi kushika msumeno. Kanuni aliyonipa seremala ni rahisi kuikumbuka: kwa kila sehemu nne za kwenda juu, mguu wa ngazi utoke nje sehemu moja. Reli yangu ingekaa mita 2.20 kutoka sakafuni, kwenye ule ukanda mwembamba kati ya safu ya kati na ya juu, ili milango ya pande zote mbili ifunguke bila kuigonga. Robo ya mita 2.20 ni sentimita 55. Reli yenyewe iko sentimita 43 kutoka ukutani, ukihesabu kina cha kabati, ubao na bomba. Kwa hiyo mguu wa ngazi unasimama sentimita 98 kutoka ukutani, na ukingo wa kaunta uko kwenye 62. Yaani inatokeza sentimita 36 kwenye njia. Tulichukua chaki, tukachora pale sakafuni, tukaishi na ile chaki siku tatu: nani anajikwaa, friji inafunguka, droo zinatoka? Njia yangu ina mita 1.20, ikabaki 84. Inatosha mtu na sufuria yake. Kama jiko lako lina njia ya sentimita 90, chora chaki yako, lakini nadhani utaacha.

Ubao wa mninga ukapitishwa urefu wote wa makabati, ukafungwa kwa bolti zinazotokea ndani, mahali penye mbao za kugawanya kabati, na nati zikakazwa na washa pana kwa ndani. Kisha makabati yenyewe yakafungwa upya ukutani, kwa bolti zile zinazotanuka zikiingia ndani ya tofali, si ndani ya lipu. Kabla ya kutoboa alinionyesha soketi na swichi zote. Nyaya mara nyingi hupanda wima juu ya soketi, kwa hiyo tulizikwepa, na swichi kubwa tukaizima. Baada ya hapo akafunga mifuko miwili ya simenti, kilo 100, kwenye kipawa cha nne, akaivuta kwa kamba kuja nje, akaiacha ikae usiku kucha. Asubuhi hakuna kilichokuwa kimesogea. Mimi nina kilo 86 na sioni aibu kusema, maana fundi asipojua uzito wako anakisia, na kwa adabu atakisia chini.

Magurudumu tuliyatoa. Juu kuna ndoano mbili za chuma zinazoteleza kwenye bomba. Chini kuna miguu ya mpira. Ukitaka kuhama unanyanyua kidogo, unasogeza, unaachia. Si raha ya kusukuma kwa kidole, lakini ikikaa imekaa. Mpira aliukata fundi wa katambuga kutoka kwenye tairi kuukuu, shilingi 3,000 kwa miguu yote miwili, ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Unaacha alama nyeusi kwenye marumaru; tunafuta. Na kwenye sakafu yenye maji hata tairi halishiki, kwa hiyo siku ya deki hakuna kupanda mpaka pakauke.

Mninga 70,000, bolti na bomba 45,000, ufundi 80,000, na ule mpira. 198,000. Jumlisha na ngazi mbili za mwanzo inafika 473,000, bila hospitali na bila zile kazi nilizorudisha pesa. Jirani aliposikia hivyo akaniuliza kama asingenunua tu ile ngazi ya alumini ya kukunja, ya vipandio vitatu, inayouzwa madukani mjini. Nilimwambia ukweli: wewe unapanda mara moja kwa mwezi kutoa vyombo vya sikukuu, nunua hiyo ya kukunja, iweke nyuma ya mlango, umemaliza. Mimi napanda mara tano kwa siku moja ya shughuli. Ila asinunue ya vipandio viwili kama ni mfupi kama mimi, atarudi kwenye ndoo.

Kupanda kwenyewe nako kuna mambo yake. Sisi tunavaa kitenge jikoni, na kitenge kinapenda kipawa. Kikunje, kikaze, au vaa suruali. Nimeshashuka mara moja na kitenge kikabaki juu. Kandambili vua. Mkono mmoja haubanduki kwenye ngazi hata ukiwa na haraka ya namna gani, na chombo kisichoteremka kwa mkono mmoja apokee mtu wa chini. Kitovu kikivuka mti wa pembeni wa ngazi umevuka mpaka, shuka usogeze. Mimi siendi zaidi ya kipawa cha nne, kiko kama mita 1.20, na hapo nafika mpaka dari. Shughuli ikiisha ngazi inatolewa kwenye reli, inafungiwa stoo, kwa sababu mjukuu wa miaka minne aliikuta siku moja akapanda mpaka kwenye sukari, na hakushuka kwa sababu ya hofu. Alishuka kwa sababu sukari iliisha.

Lakini aliyenirekebisha kuliko mafundi wote ni mama mkwe. Alikuja kutoka Kwimba na gunia la michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikaona fahari nimwonyeshe. Nikapanda, nikapanga vizuri kule juu kabisa. Aliniangalia, akauliza, "Mwanangu, sisi kijijini tulipandisha chakula darini kwa ajili ya moshi, wadudu wasiingie. Huku hakuna moshi. Nyinyi mmekipandisha kwa ajili ya nini?" Sikuwa na jibu. Nikasema, "Nafasi, Mayu," yaani mama kwa Kisukuma. Akasema, "Haya."

Baada ya miezi miwili nikaelewa. Joto na mvuke wote wa jiko unapanda na kukaa pale chini ya dari. Michembe ilikuwa imelainika, imeota ukungu pembeni. Unga wa sembe nao ulikuwa na mabonge na fukusi. Nikashusha kila kinacholiwa. Na nilipokuwa nashusha nikaziangalia zile sufuria kubwa, ikiwemo ile iliyonivunja mkono, nikajiuliza kwa nini kitu kizito kuliko vyote ndani ya nyumba nimekiweka mahali palipo juu kuliko pote. Jibu ni kwamba nilikuwa naviweka juu vitu ninavyovitumia kwa nadra, bila kuangalia uzito wake. Sasa sufuria ziko chini ya kaunta, nimetoa droo mbili kuzipisha. Juu kuna trei, hotipoti tupu, vitambaa vya meza, maua ya plastiki, na sahani za melamini zilizofungwa kumi kumi. Kipande kizito kuliko vyote kule hakifiki kilo 3.

Jirani alikunywa chai, akachukua trei zake na namba ya seremala. Juzi nimesikia ameanza kuchora chaki.

Mayu mwenyewe hajawahi kukanyaga hata kipawa cha kwanza. Akija, anaomba ngazi itolewe stoo iegemezwe pale uani kwenye jua. Anasema ni nzuri sana kwa kuanikia kitenge.